Barua ya mwenyekiti inamfukuza nani kliniki?

Katika baadhi ya vituo vya afya huku Nyanda za Juu Kusini, mjamzito anayekuja kliniki mara ya kwanza bila mwenza hurudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kwa mama wa Iyunga au Uyole, hapa Mbeya, huo ni usumbufu wa kupoteza siku. Kwa aliyevuka Kasumulu akitokea Karonga, Malawi, au Tunduma akitokea Nakonde, Zambia, akapanga chumba Mwanjelwa na kibali chake kimekwisha muda, ni sawa na kuambiwa ajipeleke mwenyewe Uhamiaji.

Wauguzi wana hoja. Baba asiyepimwa anaweza kumwambukiza mama katikati ya ujauzito, hata kama kipimo cha kwanza kilionyesha yuko salama. Vitendanishi, yaani vifaa vya kupimia damu, navyo huagizwa kwa makadirio ya wakazi. Wakija wengi wasiohesabiwa, vinaisha mapema, na anayelaumiwa ni nesi.

Sasa tupime kinachopotea. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 uliiweka Mbeya kwenye asilimia 9.6 ya watu wazima, nyuma ya Njombe (12.7) na Iringa (11.1). Mama mwenye VVU asiyetumia dawa ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto, tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonyesha. Akitumia dawa ipasavyo, unashuka chini ya 5. Tofauti yote hiyo inaanzia kwenye tone la damu la hudhurio la kwanza, hudhurio lilelile tunalolifungia mlango. Utaratibu uliokusudiwa kumleta baba apimwe unaishia kumkosesha mama kipimo. Na mtoto huyo akizaliwa hapa ataugulia hapa, atameza dawa za miaka mingi kutoka bohari hiyohiyo tunayosema tunailinda dhidi ya wageni.

Kaswende na shinikizo la damu navyo havisubiri karatasi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio manane, la kwanza ndani ya wiki 12. Mama mwenye hofu huonekana uchungu umeshaanza.

Wengine husingizia lugha kuwa kikwazo cha kuwahudumia wageni. Wengi wa Karonga huzungumza Kingonde, kinachokaribiana sana na Kinyakyusa, na nesi Mnyakyusa wa Kyela au Rungwe anaelewana nao bila mkalimani.

Mama apimwe siku hiyohiyo aliyofika, apewe kadi, na mwenza aitwe baadaye kupitia yeye mwenyewe. Maombi ya vitendanishi yafuate idadi ya waliohudumiwa, wageni wakiwamo, ili nesi asibebeshwe upungufu usio wake.