Msiipige Msasa Sakafu ya Motown

Katika chumba cha mitambo cha Studio A ya Motown, kampuni ya kurekodi muziki, jijini Detroit, Marekani, kuna mahali ambapo sakafu imelika. Imelika kwa miguu. Waongozaji wa wageni husimulia kwamba waliokaa pale kurekodi walikuwa wakigonga visigino kufuata mdundo, usiku na mchana, maana studio ilifanya kazi saa 22 kwa siku. Sehemu hiyo iliyolika ndiyo ninayoitetea: isisawazishwe, iachwe ilivyo.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, namba 2648 West Grand Boulevard. Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, aliinunua mwaka 1959. Wanamuziki walikiita chumba cha kurekodia shimo la nyoka, kwa jinsi nyaya zilivyoning'inia kutoka juu. Mwangwi waliupata kwa kutoboa dari na kuipitisha sauti kwenye uwazi ulio chini ya paa. Kampuni ilihamia Los Angeles mwaka 1972, lakini dada yake Gordy, Esther Gordy Edwards, hakukubali vitu vitawanyike. Mwaka 1985 akaifanya nyumba hiyo makumbusho.

Kinachonigusa kuliko maikrofoni zote ni mashine ya kuuzia chokoleti. Inasemekana chokoleti ya Baby Ruth iliwekwa siku zote tundu lilelile, ili mwanamuziki Stevie Wonder, asiyeona na aliyejiunga na kampuni akiwa na miaka 11, aipapase na kuipata mwenyewe. Mtu akizipanga upya zipendeze, atakuwa amefuta upendo wa watu kwa mtoto wao.

Wapo wasemao kwamba basi na piano ya studio hiyo ingeachwa vilevile. Hapo nakataa. Ile piano aina ya Steinway ya mwaka 1877 ilikuwa haipigiki Paul McCartney, mwanamuziki wa Beatles, alipofika mwaka 2011. Akagharamia matengenezo, nayo ikalia tena. Sakafu ilitengenezwa ikanyagwe, na imekanyagwa vya kutosha. Piano isiyolia ni kabati.

Nina uchungu na jambo hili. Mjini kwetu niliona studio ya zamani ikikarabatiwa. Mashine za kanda zilipakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, na kiti cha fundi mitambo, kilichobonyea kwa miaka ya kukaliwa, kikatupwa nje mvuani. Nilirudi jioni kukiomba. Nilikuta kimeshachanwa, sponji imechukuliwa.