Sheria Isiishie Uwanja wa Ndege

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Ukipanda ndege ya kurudi nyumbani mwezi wa Desemba, hukosi kuwasikia. "Subiri tufike Bongo, utanitambua!" Mtoto amegoma kufunga mkanda, na mama anamwekea kesi mpaka Dar. Sisi tunaoishi Ujerumani tunajua kwa nini anangoja. Tangu mwaka 2000, kifungu cha 1631 cha sheria ya kiraia ya huku kinampa mtoto haki ya kulelewa bila ukatili, na adhabu ya kumpiga hairuhusiwi. Tunaogopa jirani atasikia, mwalimu ataona alama, watu wa ustawi wa watoto watapiga hodi. Basi tunajizuia. Tukishatua, mkono unarudi.

Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu linaonyesha fimbo tulizochapwa zilitufundisha nini. Mtoto wa kuchapwa hujifunza kuangalia mchapaji yuko wapi. Paka akiondoka, panya hutawala. Na sisi watu wazima, tuliobatizwa na kupata kipaimara, tunaishi hivyohivyo na sheria ya Wajerumani. Mkristo asiache kumpiga mwanawe kwa kuogopa polisi. Aache kwa ajili ya Kristo, na hapo ataacha akiwa Dortmund na ataacha akiwa Bagamoyo.

Najua nitajibiwa kwa Mithali 13:24: "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe." Andiko lipo, silikatai. Lakini Mithali hiyohiyo, sura ya 26, inasema fimbo ni kwa mgongo wa mpumbavu, na sijaona parokia inayowalaza chini watu wazima na kuwachapa. Kumbukumbu la Torati 21 linaagiza mwana mkaidi apigwe mawe na watu wa mji wake mpaka afe. Nani anatii hilo? Kisha soma Kutoka 21, pale bwana anapompiga mtumwa wake kwa fimbo: mtumwa akibaki hai siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, maana ni mali yake.

Sisi watu wa Bagamoyo tuisome aya hiyo polepole. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika kwetu mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa. Biblia yao ilikuwa na aya hiyohiyo. Leo hakuna padre atakayesimama altareni kuisoma ili kutetea utumwa, kwa kuwa Kanisa limejua kwamba maandiko ya kale yanasomwa kwa kumtazama Kristo. Mbona ikifika kwa mtoto tunamsahau Kristo ghafla?

Yeye watoto walipoletwa aliwakumbatia, akaweka mikono yake juu yao, akawabarikia. Na alipotaka kutuonyesha Mungu ni baba wa namna gani, alitupa habari ya kijana aliyetapanya urithi. Yule baba alikuwa na kila sababu ya kungoja na fimbo. Alimkimbilia, akamwangukia shingoni, akamvika vazi na pete. Paulo naye anawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, "wasije wakakata tamaa". Nimewaona watoto waliokata tamaa. Wana adabu sana mbele ya wageni.

Wengine husema kuchapa ni mila yetu na kutochapa ni uzungu. Sisemi kwamba zamani hakuna mzazi aliyempiga mwanawe. Lakini Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka mwaka 1891, na chini ya utawala wao babu zetu walilazwa chini wakala kiboko, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, watu wazima wenye wake na watoto. Wajerumani wenyewe leo wamekataza hata kofi kwa mtoto. Sisi tumebaki na kiboko chao, kanuni za shule za mwaka 2002 zinaruhusu mpaka viboko vinne, na tunakitetea kama urithi wa wazee.

Huku nako si peponi. Watoto wengi wanakulia ndani ya fleti na mzazi mmoja, bibi anaonekana Krismasi tu, na mtu mzima akimwonya mtoto wa mwenzake njiani anatazamwa vibaya. Hapo nyumbani tunawashinda mbali. Malezi ya upole ninayoyataka sikuyatoa Ulaya, nimeyaona Magomeni ya Bagamoyo, kwa mama yangu mzazi, mwana-WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wa siku nyingi.

Likizo iliyopita mpwa wangu alitumwa unga wa ngano. Akapitia kwenye mpira, akarudi bila unga wala hela. Alisimama mlangoni, akafumba macho na kunyoosha viganja kabla hajaulizwa neno. Mama akamwambia, "Shusha mikono, mume wangu. Njoo ukae." Akamuuliza alikopita, wakafuatana mpaka uwanjani wakiangalia chini, hela hawakuiona. Basi jioni hiyo hakuna mpira. Alikaa na bibi yake wakichambua dagaa, na siku zilizofuata alichota maji ya nyumba nzima mpaka deni likaisha. Alilia kweli siku ile, na bibi hakumbembeleza. Wanaonitajia "mchelea mwana kulia hulia yeye" wangemwona mama: kilio hakukichelea hata kidogo, na hakumgusa.

Njia hiyo inakula muda. Mama anayerudi sokoni saa mbili usiku, ana watoto watano na mkaa haujawaka, atasema fimbo ni ya haraka, na ni kweli. Ndiyo maana nataka habari hii ifike kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye mafundisho ya ndoa, wazazi wasaidiane, asiachiwe mmoja. Paroko anaweza kuanza na Waefeso 6:4 Jumapili moja tu, awatazame akina baba usoni.

Desemba tunakuja. Nimeshamwambia dada yangu kwa simu: wanangu wakikosea waonywe, waketishwe, wakitengeneze walichoharibu, na nitakuwa upande wake. Kupigwa hapana, na wanawe pia hapana nikiwa pale. Amesema tutaongea nikifika.