Ndege Mpya Imeshuka, Vipuri Je?

Kila ndege mpya ya Twiga, yaani Air Tanzania, ikitua Dar ni vigelegele, ngoma, magari ya zimamoto yanaimwagia maji, na kijiweni watu wanahesabu kwa vidole: "Sasa tumefikisha ngapi?" Ngapi, ngapi! Hakuna anayeuliza za aina ngapi, na hapo ndipo pesa inapoyeyukia.

Mwenye daladala wa Mbagala akinunua gari la tatu anachukua Coaster ileile ya mwanzo. Moja ikifa, anaichuna vipuri aivishe nyingine, na fundi hasomi upya. Air Tanzania sasa. Mwaka 2016 zikaja Q400 mbili, ndege zenye mapanga ya kuzunguka. Dash 8-300 ya zamani nayo ikabaki. Julai 2018 Dreamliner, yaani Boeing 787-8. Disemba hiyohiyo A220, jeti ya Airbus. Juni 2023 Boeing 767 ya mizigo, Oktoba 737 MAX 9. Aina sita, na injini za aina sita zisizojuana hata kwa salamu: PW150A kwenye Q400, PW123 kwenye Dash 8-300, PW1500G kwenye A220, Trent 1000 kwenye Dreamliner, LEAP-1B kwenye MAX, CF6 kwenye ya mizigo.

Achana na injini, chukua tairi. A220 ina sita, MAX ina sita, mtu anadhani mambo yamekwisha. Wapi! Saizi tofauti, rimu tofauti, na kwenye ndege hiyohiyo za mbele si za nyuma. Wala hazijazwi upepo wa gereji ya mtaani, ni naitrojeni kavu, kwa sababu upepo wa kawaida una unyevu wa kuganda huko juu, na una oksijeni ambayo haipatani na breki zilizowaka moto. Kwa hiyo tairi ya MAX imelala stoo, A220 imesimama nje inadai tairi, na mbili hizo haziwezi kusaidiana hata zikilala uwanja mmoja.

Marubani nao ni hivyohivyo. Mtu anakwambia, "Si rubani huyu? Ampokee mwenzake!" Ampokee kwa kibali gani? Karibu kila aina ina kibali chake: darasa, simuleta (mashine ya kuigiza urukaji), kisha safari na mkufunzi pembeni, wiki na wiki. Baada ya hapo, kila miezi sita kurudi kwenye simuleta kupimwa. Na jina la kiwanda lisikudanganye. A220 ilibuniwa na Bombardier, Airbus wakaichukua 2018 wakabandika jina lao, lakini chumba cha rubani si cha A320, jeti nyingine ya Airbus. Na 737 na 787 zote ni Boeing, ila kibali cha moja hakifungui mlango wa nyingine. Mmoja akiugua Jumapili asubuhi, unaweza kuwa na kumi nyumbani wanakunywa chai na ndege isiondoke.

Abiria ndiye anayelipia hesabu hiyo bila kuambiwa. Tuseme watu 120 wana tiketi za A220 kwenda Mwanza, viti 132, raha mustarehe. A220 ikagoma. Ukileta Q400 yenye viti 76, wanabaki 44 wanamfokea dada wa kaunta ambaye hata hiyo A220 hajaiona leo. Ukileta MAX yenye 181, viti 61 vinasafiri vitupu na mafuta vinakunywa. Ukileta Dreamliner, hiyo ilikuwa iende mbali, sasa umechelewesha na wa huko.

Na A220 kugoma si mchezo wa kuigiza. Injini zile za PW1500G zimesumbua dunia nzima: zinahitaji kushushwa mapema kuliko ilivyopangwa, zinapelekwa karakana ya nje, na huko kuna foleni. A220 za Twiga zikaanza kuegeshwa 2022. Wamisri walichoka, EgyptAir wakauza zote 12. Watu wanaona ndege imeegeshwa wanasema imepumzika. Ndege haipumziki! Injini zifunikwe, magurudumu yazungushwe ili tairi zisikae bapa upande mmoja, betri zichomolewe, mirija ya kupimia mwendo izibwe, maana nyigu wakijenga humo, rubani atasoma mwendo wa uongo wakati wa kuruka. Kuegesha nako kuna ratiba na mafundi wake.

Halafu ile Q400 waliyoicheka 2016. "Pangaboi! Karne hii pangaboi!" Pangaboi hiyohiyo ndiyo inayotua kwenye njia fupi ya Bukoba, na kwa safari ya saa moja inakula mafuta kidogo kuliko jeti, ambayo kufika juu tu, imeshaanza kushuka. Mimi ningeongeza hizo, nikome hapo. Lakini pangaboi haipigwi picha vizuri.

Wazee nao wasituringie na "enzi zetu". Enzi hizo East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, ilikuwa na Super VC10, DC-9, Fokker F27, Twin Otter na DC-3, zote chini ya paa moja, hadi ilipovunjika 1977. Ugonjwa ni wa kurithi. VC10 zake nne zilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani, na za mwisho zikastaafu 2013. Kumbe zilikuwa hazijachoka, sisi ndio tulichoka.

Sasa wajuaji wananiambia nisihofu, tuna ndege yetu ya mizigo, injini ikiharibika tutaisafirisha wenyewe. Vizuri. Ya A220 itaingia, ya MAX itaingia. Ila ya Dreamliner, feni yake ina upana wa mita 2.85, na mlango wa mizigo wa 767 una urefu wa kwenda juu kama mita 2.6. Hiyo ikiwa nzima haiingii, hata muilaze namna gani. Itabidi mkodi ndege kubwa ya watu wengine, ije kubeba injini ya kwenu, ipite juu ya ndege yenu ya mizigo.