Kodi ya mwaka kwa mkupuo: hesabu ambayo mwenye nyumba haipigi

Dar es Salaam, mpangaji akilalamikia kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hujibiwa kwamba nyumba ina mwenyewe. Kulipa kwa mwezi kumechukuliwa kuwa ni kumhurumia mpangaji. Kwa mtu mwenye apatimenti nne au sita Tabata au Kimara, mimi naona anayefaidika kwanza ni yeye.

Sababu za kudai mkupuo zipo. Wengi wamejenga kidogo kidogo bila mkopo wa benki, na kodi ya mwaka ndiyo inayopaua apatimenti inayofuata. Tena mpangaji wa kila mwezi akigoma kulipa, kumtoa kunaweza kuanzia serikali ya mtaa hadi baraza la ardhi, naye bado yumo ndani.

Lakini nyumba tupu nayo inakula fedha. Chukua apatimenti ya Sh300,000 kwa mwezi. Mwaka ni Sh3,600,000. Ongeza kodi ya mwezi mmoja ambayo ni ya dalali, anayehamia anatakiwa awe na Sh3,900,000 mkononi kabla hajakodi gari la kubebea vyombo. Mwalimu au muuguzi anayeishi kwa mshahara wa mwezi atazipata wapi? Dalali anazungusha wateja, miezi miwili inapita, na laki sita hizo hazirudi. Mwaka huo nyumba imezalisha kodi ya miezi kumi, Sh3,000,000. Jirani anayepokea kila mwezi akishusha bei hadi Sh280,000 na kupata mtu mara moja, anakusanya Sh3,360,000. Hata mpangaji akitoroka na kodi ya mwezi mmoja, zinabaki Sh3,080,000. Aliyeogopa kudhulumiwa mwezi mmoja amejinyima miwili kwa mkono wake.

Kweli, mpangaji akidumu miaka mitatu hasara hiyo inapungua makali. Ila kila mwaka ukiisha anadaiwa tena Sh3,600,000 kwa pamoja, na hapo ndipo anapoanza kuulizia nyumba yenye masharti mepesi.

Halafu pampu ya maji ikiungua mwezi wa tisa, kodi ya mwaka imeshakuwa ada ya shule na mifuko ya saruji, ya kuitengeneza haipo. Serikali yenyewe iliigawa kodi ya majengo mwaka 2021: badala ya kudai Sh10,000 kwa mwaka kwa mkupuo, nyumba ya kawaida ikaanza kukatwa Sh1,000 kila mwezi kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Mimi ningeanza na miezi mitatu, kisha mwezi kwa mwezi, tarehe ya malipo ifuate mshahara, na amana ya mwezi mmoja iandikwe kwenye mkataba. Anayebaki na sababu nzito ya kudai mwaka ni mwenye paa la kumalizia sasa. Huyo naye adai mwaka kwa apatimenti moja, nyingine zimwingizie kila mwezi.