Konzi ya Ge Hong haikuwa chai

Muuza majani ya artemisia ya kuchemshia chai ya kutibu malaria, awe na meza sokoni au kundi la WhatsApp, hamalizi dakika kabla hajawataja Wachina. Wameitumia zaidi ya miaka elfu, atakwambia, wewe unaogopa nini? Hapo hadanganyi. Shida ni kwamba historia anayoitaja ndiyo inayomwangusha.

Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, aliacha kitabu cha tiba za dharura. Kwa mwenye homa ya vipindi, kama ile ya malaria, aliagiza hivi: chukua konzi moja ya qinghao (jina la Kichina la artemisia), loweka kwenye maji sheng 2, kamua, kunywa maji yake yote. Sheng 2 za zama zake hazifiki nusu lita. Hakutaja moto wala chungu, wakati matabibu wenzake walizoea kuchemsha dawa mpaka maji yapungue. Na agizo hilo lilikuwa moja tu kati ya mengi aliyoyaandika kwa homa hiyohiyo. Kama konzi ile ingemponya kila aliyekunywa, mengine yalikuwa ya nini? Hata maandishi ya kwenye hariri yaliyofukuliwa katika kaburi la Mawangdui, China, lililofungwa mwaka 168 KK, yanaitaja qinghao, ila huko ni dawa ya bawasiri.

Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri, namba 523, kutafuta dawa ya malaria kwa ajili ya wanajeshi wa Vietnam Kaskazini. Mtafiti Tu Youyou aliingia mwaka 1969. Qinghao ikamsumbua: jaribio moja ilizuia vimelea vya malaria kwenye panya kwa asilimia 68, yaliyofuata ikashuka kati ya 12 na 40. Aliporudi kwa Ge Hong ndipo neno "kamua" lilipomgutusha: huenda joto ndilo lililokuwa likiiua dawa. Akabadilisha kiyeyusho, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, kisha akaondoa sehemu yenye asidi iliyokuwa na sumu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili waliinywa kwanza wao. Hata baada ya hapo mambo hayakunyooka: vidonge vya mwanzo vilifanya vibaya kwa wagonjwa kwa sababu havikuvunjika vizuri tumboni, ikabidi dawa ijazwe kwenye kapsuli.

Sasa turudi kwenye kikombe. Dawa yenyewe, artemisinini, imo kwenye vinyweleo vidogo vya jani. Kwenye shina ni kidogo mno, na jani hubeba nyingi zaidi karibu na mmea kuanza kutoa maua. Haipendi maji, yaani haiyeyuki vizuri ndani yake. Kutwanga na kukamua jani bichi hupasua vile vinyweleo na kutoa nyingi kuliko kumimina maji ya moto juu ya majani makavu. Kwa hiyo anayekuuzia chai hakuuzii hata kile alichoandika Ge Hong.

Jina nalo lina mtego. Qinghao imekuwa jina la mimea zaidi ya mmoja, na yenye dawa ni Artemisia annua. Pakanga yetu, Artemisia afra, ni ndugu yake mchungu mwenye harufu kali, lakini artemisinini haina. Ukiona mfuko umeandikwa "artemisia" tu, hujui umenunua ndugu yupi.

Hesabu ya dozi ndiyo inayoniudhi zaidi. Jaribio lililofanyika Kongo lilitumia gramu 5 au 9 za majani makavu kwa lita moja kwa siku. Hata hizo 9 hazikufikisha miligramu 100 za artemisinini, wakati mtu mzima anayetibiwa kwa artemisinini peke yake huhitaji kama 500 kwa siku. Siku ya 7 karibu robo tatu ya wanywaji chai walikuwa hawana vimelea. Siku ya 28 ilibaki kama theluthi. Waliotumia kwinini, wanne kati ya watano walikuwa bado wazima.

Hapo ndipo chai inapomlaghai mtu. Homa inashuka, jirani anasimuliwa, na vimelea vilivyosalia vinajipanga upya, kwa sababu artemisinini hukaa mwilini saa chache tu. Ndiyo maana dawa mseto huipa mwenzi anayekaa siku nyingi: artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, inapunguza vimelea haraka, lumefantrini inamalizia. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 mara 6 ndani ya siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Lumefantrini bila mafuta hufyonzwa kidogo. Na tuzingatie kwamba Rwanda, Uganda na Kagera tayari kuna vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hizi. Kuvionjesha dozi nusunusu za chai ni kuvifundisha.

Aliyekwisha kunywa chai akajiona mzima akapime hata hivyo. Homa ikirudi wiki chache baada ya kumaliza dawa mseto, aombe hadubini, maana kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.