Gari Halimtaki Mama Mkwe

Kigari changu kilikuwa na ugonjwa mmoja: mama mkwe akipanda, kinazidiwa.

Siongezi chumvi. Mimi na mke wangu tunakwenda Posta kila siku kutoka Kimara, foleni ya Ubungo tunaimeza asubuhi na jioni, gari halikohoi. Jumapili nikimrudisha mama kwake Goba, tukishaiacha lami tu na kuingia kile kinjia cha makorongo, taa ya gia kwenye dashibodi, ile iliyoandikwa O/D OFF, inaanza kunikonyeza. Mshale wa spidi unadondoka kutoka 30 hadi sifuri kama embe bovu. Gia boksi nayo inasusa, inang'ang'ania gia moja. Ukikanyaga mafuta, injini inanguruma kama mashine ya kusaga na gari linajivuta kama linafuata jeneza.

"Mwanangu, hili gari halinitaki," mama alisema, amekamata kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili.

"Hapana mama, ni ubovu tu."

Moyoni nilikuwa na nadharia yangu kuhusu uzito, ila kuna nadharia ambazo mkwe hazitamki. Hasa kipindi kile, maana mama tayari alikuwa na kinyongo. Alipokuja kukaa kwetu mwezi wa tatu, khanga yake moja ilipotea kambani, doti ikabaki na upande mmoja. Akamshuku jirani yetu wa mlango wa pili. Tangu siku hiyo, kila akija anampita yule jirani kama anapita nguzo ya umeme.

Nikaanza safari za gereji. Kumbe ugonjwa wa kuja na kuondoka una adabu zake: ukizima gari ukaliwasha tena, limepona. Kwa hiyo nikifika kwa fundi gari linacheka, kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu akifikishwa zahanati anachezea kalamu ya daktari.

Fundi wa kwanza alizunguka nalo mtaa mmoja, akashuka, akatikisa kichwa. "Bosi, gia boksi imekwisha." Bei aliyonitajia ilinifanya niulize kama inakuja na gari lingine. Wa pili akamwaga oili na kujaza mpya. Wa tatu, kijana mwenye mashine ya kupimia, alipata namba ya kosa P0500: sensa ya spidi. Nikashuka Gerezani, nikanunua sensa ya mtumba, ikafungwa. Jumapili mama akapanda. Taa ikakonyeza. Nikanunua ya pili, mpya, kwenye boksi lake. Mama akapanda. Taa ikakonyeza tena.

Katikati ya hayo, siku moja nikiteremka Morogoro Road mshale ukiwa umelala, nikapigwa tochi. Nilikuwa 64 kwenye 50.

"Afande, mimi mshale wangu ulikuwa unasoma sifuri."

"Sifuri?" Akainama, akauchungulia mshale, akaniangalia. "Kwa hiyo ulikuwa umeegesha katikati ya barabara. Nikuandikie na hilo?"

Nikaomba aniandikie moja tu. Shilingi 30,000.

Jumapili iliyofuata gari liligoma kabisa kupanda kilima, mama akiwa ndani. Nikageuza, nikalivuta hadi kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Mama akapewa benchi. Yule mzee hakuwa na mbwembwe. Aliniuliza swali ambalo wale watatu hawakuuliza: "Linagoma wapi?" Nikataka kusema linagoma kwa nani, nikajizuia. Nikamwambia kwenye njia mbovu.

"Basi ni waya, braza. Sensa haijui lami na makorongo. Waya ndiyo inajua."

Akanieleza huku anafunga jeki: sensa ile inahesabu mizunguko na kupeleka habari kwenye mshale na kwenye kompyuta inayopanga gia. Habari zikikatika hata nukta moja, kompyuta haijui gari linakwenda au limesimama, inaamua kujihami kwa gia moja. Akanyanyua tairi za mbele, akaweka stendi, akaniambia niwashe na kuweka D. Tairi zikazunguka hewani, mshale ukapanda hadi 40.

"Limesimama na linasema arobaini," mama akamwambia mtu asiyekuwepo. "Ndiyo maana."

Mzee akapitisha mkono kandokando, chini ya kile kibao cha betri, akaanza kutikisa waya mmoja mmoja. Wa kwanza, 40. Wa pili, 40. Wa tatu, mshale ukaanguka chap na taa ikakonyeza. "Zima!"

Akatoa betri, akaingiza mkono hadi kiwiko. "Nani amefunga hii soketi na tambara?"

Hapo ndipo jasho likaanza kunitoka. Nikakumbuka mwezi wa tatu, nilipobadilisha betri mwenyewe kuokoa hela ya fundi. Spana namba 10 ikaniponyoka, ikaingia gizani juu ya gia boksi. Katika kuivua nikavunja kilimi cha soketi ya waya, kile kinachoishika isilegee. Nikatafuta cha kufungia, nikakuta kambani kitu nilichokiona tambara. Nikachana kipande, nikakaza mafundo matatu, nikajiona injinia. Kilichobaki nikafutia mikono.

Mzee akakivuta kile kitambaa, kimeloa oili, kimelegea kama tambi. Akakinyoosha kwenye mwanga. Maandishi bado yalisomeka.

"U-SI-SA-FI-RI-E," akasoma. "Hee! Ulionywa kabisa, braza!" Akacheka hadi akashika bonde la mgongo.

Mama hakucheka. Alinyanyuka kwenye benchi taratibu, akakitazama kitambaa, akamalizia bila kusoma: "Nyota ya mwenzio."

Akafungua mkoba, akakikunja na oili yake, akakitia ndani.

Soketi ikabadilishwa, elfu kumi na tano na ufundi. Tukaondoka. Mama alikaa mbele, mikono juu ya mkoba. Tuliingia kwenye makorongo, tukatoka, tukapanda kilima. Mshale umetulia, gia zinaingia kama siagi. Mama kimya. Kutoka gereji hadi Goba, kimya. Nikajikuta naitazama ile taa ya O/D OFF, namwomba Mungu ikonyeze hata mara moja, tupate cha kuzungumza.