Kisiwa Hiki Hakina Mlango

Masika yote simu yangu ilikuwa kimya. Mvua imepiga tangu Machi mpaka Mei, bati linavuja pahala patatu, uchochoro wetu wa Jang'ombe umegeuka mto, hakuna ndugu hata mmoja aliyekumbuka kuwa ana jamaa Unguja. Ilipoingia Juni tu, kipupwe kikaanza, skuli zikafungwa, basi damu ikawa nzito ghafla.

"Shemeji, watoto wanamlilia shangazi yao!"

Huyo ni kaka wa mke wangu, mfanyakazi wa serikali Dodoma. Wanamlilia shangazi ambaye yule wa mwisho hata jina lake halijui. Nikajitahidi kiungwana, nikamwambia karibuni sana, ila mota ya maji imeungua.

"Usijali kabisa, shemeji. Sisi tutakoga baharini."

Khaa! Watu wa bara wanadhani sie huku tunajisugua na mawimbi.

Wakaja saba. Siku hiyo hiyo akashuka shangazi yangu kutoka Tanga, na mtoto wa ami yangu kutoka Maskati na watoto wake wawili na masanduku yanayonukia udi. Jumla 11. Kutoka Dar mtu huvuka kwa saa mbili hivi kwa boti ya haraka, lakini Juni ni mwezi wa upepo wa kusi, na kusi halisomi ratiba ya mtu. Shemeji yangu, mtu wa cheo, mwenye watu wa kumfungulia mlango wa gari, aliteremka bandarini uso umempauka, mkononi kashika kile kifuko cha kutapikia kwa adabu kama barua ya uteuzi. Hakukitupa mpaka tukafika nyumbani.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Mie nilihamia ukumbini, juu ya mkeka, baina ya watoto wanne, mmoja wao akiota mpira kila usiku. Alfajiri foleni ya choo inaanzia jikoni. Nawasikia mnaoniambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga walikuwa na mashamba. Mie nina makopo mawili ya mrehani. Nikigawa majembe 11 hapa tutachimba msingi wa jirani.

Na usiseme nitoroke. Mtu wa Morogoro akizidiwa na wageni anapanda basi, anapotelea mikoani. Mie nikikimbia kwa hasira, nafika ufukweni. Nikikimbilia upande wa pili, ufukweni vilevile.

Tabu yenyewe ilikuwa matembezi. Ukizaliwa kisiwani, watu wanaamini unakijua kisiwa. Nina miaka 47, kile kisiwa kidogo cha Changuu nakiona kila nikipita Forodhani, na sijawahi kukanyaga. Lakini mbele ya wageni utasemaje? Tulipofika nikakohoa, nikaanza: "Hii jela mnayoiona ilijaa wafungwa hatari..." Kijana wa boti akanikata hapohapo, mbele ya shangazi yangu. "Hapana, mzee. Ilijengwa iwe jela, haikupata kufunga watu. Ikawa karantini ya wasafiri wa meli, wasituletee homa ya manjano."

Aibu ilinipata, lakini nikabaki nikiwaza. Kumbe zamani kulikuwa na utaratibu! Mgeni hashuki mjini mpaka akae kwanza kwenye kisiwa chake, achunguzwe, asubiri. Nani aliyeufuta, na aliuliza maoni ya nani?

Wapo pale na wale kobe wakubwa, umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye gamba. Kijana akaeleza kwamba wa mwanzo walikuwa wanne, zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nikawaangalia walivyojaa. Wageni wanne, wamekuja 1919, hawajaondoka mpaka leo, wamezaana, na kila siku mtu anawaletea mboga. Nikageuka nikamtazama shemeji yangu. Alikuwa akimlisha mmoja, wameelewana.

Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, tuliitazama kwa nje. Mtoto wa ami akataka kujua kwa nini ile sehemu iliporomoka Disemba 2020, akanikazia macho kana kwamba mie ndiye niliyeegemea ukuta. Msitu wa Jozani tukaenda kuwaona kima punju, wanyama wasiopatikana kwa asili popote ila kwetu Zanzibar. Mke wa shemeji akatoa ndizi, muongozaji akamzuia, akasema hawa wanakula majani, na wakipata hula hata mkaa, unawasaidia na sumu ya majani. Mkaa! Gunia langu nimelimaliza siku nne kwa chai za watu hawa, na huku porini nako kuna foleni.

Lakini siku niliyoiva ni ya Jambiani. Watu wa mashariki mwa kisiwa wanajua kuwa maji yakitoka kwa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, yanatoka kweli. Mie wa mjini sikutazama mwezi. Tukafika saa tano, wageni wamevaa nguo za kuogelea, watoto wana mipira ya kuelea kiunoni, na mbele yetu mchanga mtupu mpaka kule mawimbi yanakovunjika kwenye mwamba.

Mke wa shemeji akavua miwani. "Baba Nasra, bahari iko wapi?"

"Imetoka."

"Imetoka kwenda wapi?"

Wewe ungejibu nini? Nikasema itarudi, subirini muda wa kama saa sita hivi. Hawakusubiri. Shemeji akasema twendeni tuifuate, akatangulia kwa mwendo wa ukaguzi. Hatua mia mbili akawa amekanyaga kamba za kulimia mwani. Walioinuka pale ni kina mama wanne, na kila mmoja alikuwa na lake. Cheo cha Dodoma hakikusaidia kitu, maana vigingi vile wamevipigilia wenyewe mmoja mmoja na maji yakiwa magotini. Aliomba radhi huku akirudi kinyumenyume, na kwa kurudi kinyumenyume akakanyaga yule mdudu mweusi wa miba. Miba saba, wayo mmoja. Sauti aliyoitoa nadhani Pemba waliisikia. Bibi mmoja katika walewale waliomfokea akachuma papai bichi, akamtonesha utomvu wake kwenye nyayo, akaendelea kumfokea. Na wakati huo, bila haraka, bahari ikawa inarudi. Mtu mzima wa kilo 100 nikambeba mgongoni mie, maji yanapanda, watoto wanashangilia.

Julai ikanipa tumaini. Mama mkwe yuko Makunduchi, na Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya wa jadi, nyumba kukosa mgeni ni nuksi. Akapiga simu: "Mwanangu, mwaka huu sina mgeni." Machozi yalinilenga. Nikakodi daladala nzima, nikampelekea 11, baraka za kumtosha mpaka kufa kwake. Wanaume wakachapana mabua ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka. Shemeji, mguu umefungwa kitambaa, akaingia ulingoni na kunichagua mie. Vinyongo gani anavyo yeye? Nimemlaza chumbani kwangu! Nikampiga bua moja la mota ya maji, moja la gunia la mkaa, na mawili ya kumbeba. Kibanda kikachomwa, kina mama wakaimba matusi yao, nikaanza kuaga kimyakimya.

Mama mkwe akanifuata mpaka garini. Anashukuru, nuksi imeondoka, wageni wake hawa hapa anarudisha. Halafu kuna vijana wake wawili hawajawahi kuona mji, basi niwachukue.

Tukarudi 13.

Wameondoka wiki iliyopita. Mke wangu akaangalia nyumba, akasema tumechoka sote, nasi twende tukapumzike kwa kaka yake Desemba. Nikaliona jambo la haki. Nikapiga simu Dodoma, nikamwambia shemeji, tunakuja kukuoneni, tupo sita tu.

Akanyamaza kidogo. "Karibuni sana, shemeji. Karibuni mno. Ila mota ya maji imeungua."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Dodoma hakuna bahari.